Kilishio cha ndege kwa vitu vya nyumbani: kabla hujatoboa chupa, pitia hapa

Chujio Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Huu ni mwaka wa nne natengeneza vilishio vya ndege kwa vitu vilivyokuwa njiani kwenda jalalani: chupa, makopo, kikombe kilichokatika mkono, chujio lililobonyea. Picha za vilishio vya kujitengenezea nimeziona nyingi na vingi vinapendeza kwa macho, lakini karibu vyote vina kasoro ileile. Havioshiki. Nimefungua uzi kwa sababu hiyo.

Kilishio changu cha kwanza kilikuwa chupa ya plastiki ya lita 2 iliyochomekwa vijiko viwili vya mbao, kimoja juu na kingine chini, vikipishana kama msalaba. Bila shaka mnaijua. Shomoro waliigundua baada ya wiki moja na siku kidogo, na mimi kila nikiona mbegu zimeshuka naongeza nyingine juu. Mvua zilipoanza, maji yakaingilia kwenye matundu ya vijiko. Mbegu zilizokaa chini ya kijiko cha mwisho, ambazo hakuna ndege anayezifikia, zikalowa, zikachipua, zikaoza. Sikuona, maana juu kulikuwa na mbegu safi. Asubuhi moja nikamkuta shomoro ardhini chini ya chupa, ametutumua manyoya, macho nusu yamefumba. Nikamsogelea hadi hatua moja, hakuruka. Jioni alikuwa amekufa, na kesho yake nikaokota mwingine. Nilipoipasua chupa nikakuta tabaka jeusi la sentimita tano hivi, linanuka. Iliniuma sana, kwa sababu ni mimi niliyewaita pale.

Tangu hapo, kabla sijakigusa kitu chochote kwa msumari au mkasi, najiuliza: je, hiki naweza kukifungua, kukimwaga chote, na kukisugua ndani kwa mkono wangu? Kama jibu ni hapana, nakiacha, hata kiwe kizuri namna gani.

Kinachonipendeza kuliko vyote ni chujio kubwa la jikoni, lile lenye matundu chini na ubavuni. Watu hulitupa likibonyea au likikatika mguu, ilhali kwa ndege halijapungua kitu. Maji ya mvua yanapita, hewa inapita, mbegu zilizolowa zinakauka upesi, na kulisafisha ni kulipindua na kulipiga brashi. Funga waya tatu za urefu sawa ukingoni, kila moja kama sentimita 40, zikutane juu kwenye kulabu. Ziwe tatu, si nne. Ukifunga nne, mara nyingi moja hulegea na chombo hakikai sawa. Kabla hujazikutanisha, pitisha mfuniko wa sufuria au beseni dogo lililotobolewa katikati liwe paa. Paa lizidi upana wa chujio kwa vidole vitatu kila upande, la sivyo mvua ya upepo italikuta. Mbegu ndogo kama ulezi zitapenya kwenye matundu, kwa hiyo tandika ndani kipande cha wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Siku ya kuosha unautoa, unaukung'uta, unausugua.

Kwa wanaopenda chupa: ipindue. Ning'iniza kichwa chini, kizibo kikiwa ndio sakafu. Kata kitako kwa juu ili pawe mahali pa kumiminia, kisha funika kwa bakuli lililo pana zaidi. Vijiko vipite karibu kabisa na shingo, ili pasibaki mbegu za kukaa bila kuliwa. Kwenye kizibo toboa matundu matatu madogo ya kutoa maji. Ukitaka kusafisha, fungua kizibo, mwaga, ingiza brashi. Ni chupa ileile na vijiko vilevile, umegeuza tu.

Kuhusu matundu ya vijiko: upande wa mpini tundu libane, upande wa bakuli la kijiko liwe kubwa kidogo, kama sentimita moja, mbegu zipate kudondokea kijikoni. Kijiko kiinamie nje kidogo sana. Kikiinama mno, mbegu zote zinamwagika usiku mmoja.

Kikombe na kisahani vilivyoachana na wenzao ni vizuri kwa mbegu za siku moja. Kopo la bati linafaa pia, ila ukingo wake lazima upigwe tupa au ukunjwe kwa koleo mpaka upitishe kidole bila woga. Mguu wa ndege ni mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti.

Nina mengine lakini nisiwachoshe. Karibuni.

---

Koleo

Mkuu umenena. Naongeza upande wa ufundi.

Chupa ya plastiki usiitoboe kwa kisu, kinateleza na kukata mkono. Shika msumari kwa koleo, upashe moto, uguse plastiki, unapenya wenyewe na ukingo wa tundu unayeyuka ukawa laini. Fanya nje, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Kwa bati, jaza kopo maji uligandishe kwenye friza kwanza, barafu inazuia kopo lisibonyee unapogonga msumari. Kwa kikombe cha udongo uliochomwa sina ushauri mzuri, mimi huvifunga kwa waya badala ya kuvitoboa.

Halafu jambo ambalo watu hawalielewi ni kwa nini mbegu hazimwagiki zote. Ukisimamisha chupa kichwa chini juu ya sahani, ukaacha nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya mdomo na sahani, mbegu zinashuka, zinafanya kichuguu, na kichuguu kikifika mdomoni kinajifungia chenyewe. Ndege akila, kichuguu kinapungua, nyingine zinashuka. Hakuna kifaa chochote humo ndani. Nafasi ikizidi, kichuguu kinatanuka hadi nje ya sahani. Alizeti inataka nafasi kubwa kuliko mtama, maana punje zake ni ndefu na hukwamana.

Maji ni habari nyingine. Chupa ya maji iliyopinduliwa juu ya kisahani inashikiliwa na hewa: mdomo ukiwa umezama, hewa haina pa kuingilia, maji yanabaki juu. Lakini ukiitoboa chupa hiyo popote juu ya usawa wa maji ya kisahani, hata kwa sindano, yote yanashuka. Kwa hiyo waya za kuning'inizia zizungushe nje ya chupa, usizipitishe ndani.

---

Mbegu Tatu

Asante sana kwa uzi. Mimi nawapa makombo ya mkate na wali uliobaki, wanakula vizuri tu. Kuna ubaya?

---

Chujio Kuukuu

Mbegu Tatu, kula watakula. Mkate unajaza tumbo na kumpa ndege lishe kidogo, na ukilowa unaota ukungu upesi. Kipande kidogo mara mojamoja hakina neno, usiufanye ndio chakula chao. Wali mtupu ni sawa. Ukiwa umetiwa chumvi, hapana, mwili wa ndege mdogo hauimudu chumvi nyingi. Kwa hiyo karanga za kukaanga zenye chumvi nazo ziache.

Vingine vya kuepuka: parachichi na chokoleti, vyote ni sumu kwa ndege. Maharage makavu mabichi pia yana sumu. Maziwa hawayameng'enyi. Na karanga zilizoingia ukungu usidhani ni za kupewa ndege kwa kuwa wewe huzili, sumukuvu inawaua na wao.

Cha kuwapa ni mtama, ulezi, uwele, alizeti isiyokaangwa, karanga safi zisizo na chumvi zilizovunjwavunjwa, na vipande vya matunda yaliyoiva. Msimu wa makinda usiweke karanga nzima, mzazi anaweza kumpelekea kinda ikamkwama kooni.

---

Dirisha la Jikoni

Nina swali la mahali. Ningependa kukiona kilishio nikiwa ndani, ila juzi ndege aligonga kioo akaanguka. Nikisogeze mbali kiasi gani?

---

Jani Bichi

Dirisha la Jikoni, pole. Kinyume na unavyodhani, karibu sana ni salama kuliko mbali kidogo. Kilishio kiwe ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, au kiende mita 10 na zaidi. Akishtuka akiwa mita moja, hajapata kasi ya kujiumiza. Hatari ni hapo katikati, mita tatu, nne, tano, ambapo anafika kiooni akiwa kwenye kasi kamili huku akiona miti na anga iliyoakisiwa.

Kubandika picha moja ya mwewe kwenye kioo hakusaidii, ndege anapita pembeni yake. Kinachosaidia ni alama nyingi, madoa au mistari, zilizoachana kama sentimita tano, zikawa upande wa nje wa kioo. Hata sabuni ya mche unaweza kuchorea, ikifutwa na mvua unarudia.

Kuhusu paka: vichaka viwe mita mbili hivi kutoka kwenye kilishio. Vikiwa karibu zaidi, paka anajificha humo na kurukia. Vikiwa mbali mno, ndege hana pa kukimbilia mwewe akija. Kama kilishio kiko juu ya mti wa kusimika, uvishe beseni kuukuu lililopinduliwa, liwe kama mwavuli katikati ya nguzo. Panya na paka wakipanda wanaishia chini ya beseni.

---

Mpita Njia

Mimi nilipaka nguzo grisi, hakuna kinachopanda tena. Rahisi kuliko beseni.

---

Jani Bichi

Ndugu yangu Mpita Njia, nakuomba uiondoe leo hii. Grisi ikimshika ndege kwenye manyoya haitoki. Manyoya yaliyoshikana hayazuii maji wala hayatunzi joto, na ndege akijisafisha kwa mdomo anaimeza. Hali kadhalika gundi na mafuta ya aina yoyote. Futa nguzo kwa sabuni na maji ya moto, kisha ivishe beseni.

Na kwa kuwa tuko hapo: msining'inize kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, wala msiweke karanga kwenye zile nyavu za plastiki za kufungia matunda. Makucha yananasa. Waya mnene au kamba ya katani ndiyo salama.

---

Mpita Njia

Sikulijua hilo. Naenda kufuta sasa hivi. Asante.

---

Koleo

Jambo jingine ambalo halijatajwa: chombo kilikuwa na nini kabla? Chupa ya maji, juisi, maziwa, sawa. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, rangi, mafuta ya gari au dawa ya kuua magugu hakioshwi kikawa salama kwa chakula. Hata ukiosha mara kumi. Na plastiki ikikaa juani miezi mingi inakuwa kavu, inapasuka vipande vyenye makali. Ikianza kufifia na kutoa mlio wa kukatika ukiibonyeza, muda wake umeisha.

---

Mbegu Tatu

Mkuu Chujio Kuukuu, umesema kuosha kuosha, lakini hujasema unaosha vipi na mara ngapi.

---

Chujio Kuukuu

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo.

Kila wiki moja hadi mbili, na mvua zikiwa nyingi au ndege wakiongezeka, kila wiki bila kuruka. Mimina mbegu zilizobaki, usizirudishe. Sugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka uchafu unaoonekana uishe, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya kinyesi kilichokauka. Kisha loweka dakika 10 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji. Suuza sana. Anika mpaka kikauke kabisa ndipo utie mbegu mpya. Kukauka si hatua ya kupita haraka, na sababu naieleza hapa chini. Usichanganye dawa hiyo na siki wala na dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi ya sumu. Osha nje, kwa glavu, na brashi ya ndege isiingie jikoni. Vijidudu vya salmonela vinapatikana kwenye kinyesi cha ndege na vinamfanya binadamu augue pia: mwaka 2021 huko Marekani kulikuwa na mlipuko wa watu kuugua salmonela uliohusishwa na ndege wa porini wanaokusanyika kwenye vilishio.

Sababu ya kukausha: kuna kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae kinachokaa kwenye koo la ndege, hasa njiwa. Ndege mgonjwa hashindwi kuokota mbegu, anashindwa kumeza, hivyo anaitema ikiwa imelowa mate, na mwenzake anaiokota. Kijidudu hicho kinaishi kwenye unyevu, na ukavu unakiua. Uingereza, tangu mwaka 2005 ugonjwa huo ulipoingia kwa wale ndege wadogo wa kijani wanaokula mbegu, idadi yao iliporomoka vibaya sana, na vilishio pamoja na mabakuli ya maji vilitajwa kuwa mahali pa kuambukizana. Marekani nako, mwaka 1994 ulionekana ugonjwa wa macho kwa ndege wengine jamii ya chiriku, macho yanavimba hadi yanafumba. Huo unasababishwa na bakteria wa kuku, na unaachwa pale ndege anapogusisha jicho lililougua ukingoni mwa tundu la kulia.

Nimeeleza hivi ili muelewe kwa nini nang'ang'ania chombo kinachofunguka. Porini ndege hawali wote kwenye tundu moja la sentimita moja kutwa nzima. Tundu hilo tumelitengeneza sisi.

Ukimwona ndege ametutumua manyoya saa za joto, ana macho yaliyovimba, mdomo umelowa, anatafuna bila kumeza au haruki unapomkaribia: ondoa kilishio na maji kwa muda usiopungua wiki mbili. Watawanyike. Inauma kuona wanakuja asubuhi na kukuta waya mtupu, najua, lakini usirudishe mapema.

---

Mbegu Tatu

Hapo nimekuelewa. Changu cha chupa nimekishusha.

---

Paa la Bati

Naomba nitoe mawazo tofauti kwa heshima. Kama hatari ni hizo zote, si afadhali mtu apande mti wa matunda na majani yenye mbegu aachane na vilishio? Kwa nini tuwazoeshe?

---

Chujio Kuukuu

Paa la Bati, sikupingi. Mwenye nafasi ya kupanda apande, tena aanze na hilo. Ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda wao wadudu, na wadudu hawatoki kwenye chujio langu, wanatoka kwenye mimea isiyopigwa dawa. Kilishio hakiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Ila kuna mwenye kibaraza tu. Kuna mzee asiyetoka ndani. Kuna mtoto ambaye hajawahi kumtazama shomoro kwa dakika tano mfululizo akaona dume ana doa jeusi kifuani na jike hana. Mimi mwenyewe nilianza kujua majina ya ndege kwa sababu ya chupa ile ile iliyoniumiza. Kuhusu kuwazoesha, ndege hawaachi kujitafutia, wanapita kilishioni na kuendelea na safari zao. Ninachotaka ni kwamba anayeamua kuwaita awe tayari kuosha.

---

Dirisha la Jikoni

Na kunguru je? Wanakuja watatu, njiwa nao kumi, wadogo wanabaki kutazama.

---

Koleo

Tafuta kichanja cha waya cha kuanikia vyombo kilichochakaa, au kikapu cha waya. Kifanye kizimba kuzunguka kilishio, nafasi kati ya waya na waya ziwe sentimita nne. Shomoro anapita penye tundu la milimita 32, kwa hiyo hapo anapita vizuri, njiwa hapiti. Ila kilishio chenyewe kikae katikati, mbali na ukingo kuliko urefu wa mdomo wa kunguru, kama sentimita 15. Angalia waya zilizokatika, zikunje ziangalie nje.

---

Jani Bichi

Na mbegu zinazodondoka chini zifagiliwe kila jioni, la sivyo ni karamu ya panya. Weka kiasi kinachoisha kabla ya giza.

Kwa wanaotembelewa na ndege aitwaye chozi: hao hawali mbegu, wanataka utomvu wa maua. Sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, koroga iyeyuke, ipoe. Asali hapana, inachacha na kuotesha kuvu. Rangi hapana pia, bandika tu kitambaa chekundu nje ya kichupa. Joto likiwa kali badilisha kila siku mbili, na kichupa kisuguliwe kila unapobadilisha.

---

Mbegu Tatu

Naleta mrejesho, siku ya kumi na moja. Nilipata chujio lenye mshikio uliokatika, nikafunga waya tatu, paa nimetumia mfuniko wa ndoo. Siku sita hakuna aliyekuja. Siku ya saba akaja shomoro mmoja, akatua juu ya paa, akaondoka. Leo asubuhi nimehesabu tisa. Tatizo ni kwamba mfuniko unazunguka na upepo na kuwashtua. Nifanyeje?

---

Chujio Kuukuu

Hongera sana! Toboa mfuniko matundu matatu badala ya moja, kila waya upite kwenye tundu lake, kisha upige fundo chini yake. Hautazunguka tena. Fanya jioni wakishaondoka.